Bwana Tembo na Safari za Damon Albarn

Katika santuri iitwayo Everyday Robots, iliyotolewa mwaka 2014, umo wimbo ambao nusu ya jina lake ni Kiswahili: "Mr Tembo". Mtunzi wake, Damon Albarn, ni Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1968, na aliutunga kwa ajili ya mtoto wa tembo aliye yatima, aliyemwona Mkomazi nchini Tanzania. Wenzetu wa pwani, kwa kuwa mnyama huyo wao humwita ndovu, huenda wakadhani kwanza kwamba unasifiwa ule utomvu wa mnazi. La hasha, ni mnyama hasa. Nasi twauliza: mwimbaji wa muziki wa roki alifikaje hata akalichukua neno letu, na je, aliwalipa nini wale aliowaendea?

Bendi yake, Blur, ilianza mwaka 1988 kwa jina jingine, ikatoa santuri yake ya kwanza mwaka 1991. Wenziwe walikuwa Graham Coxon, Alex James na Dave Rowntree. Nyimbo zao zilihusu maisha ya Waingereza wa kawaida, na ile santuri ya Parklife ya mwaka 1994 ndiyo iliyowapa jina. Mwezi Agosti 1995 Blur na mahasimu wao, Oasis, walitoa nyimbo siku moja, na magazeti yakaupigia baragumu ushindani huo kana kwamba ni vita. Blur walishinda wiki ile. Kwa maoni yetu ushindi ule haukuwa na uzito mkubwa.

Mwaka 1998, pamoja na mchoraji Jamie Hewlett, Albarn alianzisha Gorillaz, bendi ambayo wanamuziki wake wanne ni katuni. Nyuma ya picha hizo aliweza kuwaalika waimbaji wa kila namna, bila mtu kumwuliza wenzake wa Blur wako wapi.

Lakini safari iliyombadilisha ni ile ya Mali, mwaka 2000, alipoalikwa na shirika la Oxfam. Alichukua melodika, yaani kinanda kidogo cha kupuliza kwa mdomo, akaketi na wenyeji, akacheza nao na kurekodi saa nyingi za kanda. Santuri ya Mali Music, iliyotoka mwaka 2002, ina majina ya Afel Bocoum na Toumani Diabaté, bingwa wa kora, bega kwa bega na jina lake. Jambo hilo twalipa uzito, kwani si wageni wote wafanyao hivyo.

Katika mwaka huohuo wa 2000 alimtaja Tony Allen, mpiga ngoma Mnaijeria aliyekuwa na Fela Kuti, ndani ya wimbo mmoja wa Blur. Allen akausikia, na urafiki ukazaliwa. Mwaka 2007 walitoa pamoja santuri ya The Good, the Bad & the Queen, na waliendelea kushirikiana kwa miaka mingi; Allen alifariki mwaka 2020.

Tamasha kubwa la Live 8 la mwaka 2005 lilidai kuisaidia Afrika, ilhali jukwaa la London halikuwa na Waafrika wa kutosha. Albarn alilalamika hadharani, na mwaka uliofuata akashiriki kuanzisha Africa Express, ambamo wanamuziki wa Afrika na wa Ulaya hupiga pamoja.

Hapo ndipo twafika Kongo. Mwezi Julai 2011 alikwenda Kinshasa na watayarishaji kumi wa muziki, wakafanya kazi kwa siku tano na wanamuziki zaidi ya hamsini. Santuri ya Kinshasa One Two ilitoka mwaka huohuo, na mapato yake yakatengwa kwa kazi ya Oxfam nchini humo. Hatuna budi kusema kwamba siku tano ni chache mno. Mahali pengine sauti za wenyeji zimekatwakatwa kwa mitambo hata zikawa viungo tu katika chungu cha mpishi mwingine. Hata hivyo Jupiter Bokondji, aliyekuwa miongoni mwao, alitoa santuri yake mwenyewe, Hotel Univers, mwaka 2013, na hapo chungu kilikuwa chake.

Na Blur je? Coxon aliondoka mwaka 2002, wakati wa kurekodi Think Tank, santuri ambayo sehemu yake ilirekodiwa Moroko. Wapenzi wa muziki wa dansi wa kwetu wanajua vizuri jinsi kundi linavyovunjika mmoja akitoka, na jinsi ugomvi unavyohamia katika nyimbo. Hawa hawakufika huko. Mwaka 2009 walirudiana wote wanne na kupiga katika bustani ya Hyde Park. Mwezi Julai 2023, baada ya safari zote hizo, walisimama tena pamoja katika uwanja wa Wembley kwa siku mbili, wakapiga zile nyimbo za mitaa ya Uingereza walizoanza nazo.