Chapati Ilivyoingia Nyumbani Mwetu

Wanachama kadha wametuuliza kwa nini taarifa hii, ambayo kwa desturi hueleza ada, matanga na karo za watoto, yatoa nafasi kwa habari za vyakula. Sababu ni kwamba mwaka huu chama chetu cha Endarasha kilialikwa mjini Nyeri kwenye shughuli ya kuonja vyakula vya Kiasia, iliyoandaliwa ili kupata fedha za kuwasaidia wasiojiweza. Tulipeleka wajumbe, na viazi vya bajia vilitoka mashambani mwa wanachama wetu. Mzee mmoja, alipoona chapati zimepangwa mezani pamoja na biriani na achari, aliuliza kwa sauti: "Na hii nayo ni ya kigeni tangu lini?" Watu walicheka, lakini swali lake lastahili jibu.

Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, Waingereza walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao watu wa Punjab. Karibu 2,500 walikufa kazini, na wapatao 6,700 walibaki nchini. Wengine walirudi kwao. Posho yao ilikuwa unga wa ngano, mchele, dengu na samli. Baadaye wafanya biashara, hasa wa Gujarati, waliingia bara, na boma la Nyeri lilipowekwa mwaka 1902 haukupita muda mrefu kabla ya maduka yao kufunguliwa. Walikuja na vyakula vyao na hata na maneno, kama gari na gunia, ambayo leo twayatumia bila kukumbuka yalikotoka. (Pilipili, ambayo wengi hudhani ni mzaliwa wa India, ilipelekwa huko na Wareno, asili yake ni Amerika, na kiazi vilevile.)

Unga wa chapati una historia yake. Ngano ililimwa katika mashamba ya walowezi, ambako baba zetu walikuwa vibarua. Kampuni ya Unga Limited, iliyoanzishwa na Lord Delamere mwaka 1908, iliusaga. Mhindi aliuza dukani kwa ratili. Mama zetu wakaukanda, mara moja kwa mwaka, siku ya Krismasi. Basi watu wa rangi tatu walikuwa wameshika unga ule ule, wala hawakupata kuketi pamoja kuula. Mteja Mwafrika alisimama mbele ya meza ya duka, akapimiwa, akalipa, akaondoka. Wako wazee wetu waliopunjwa kwa mizani, na wako waliokopeshwa chakula wakati wa njaa. Yote mawili tumeyasikia, na si haki kuandika moja na kuficha la pili.

Utengano huo haukuwa tabia tu, ulikuwa sheria. Mwaka 1908 Lord Elgin aliandika kwamba ardhi ya nyanda za juu isigawiwe Wahindi, na amri ya mwaka 1939 ikaiwekea mipaka nchi ya Wazungu. Mhindi aliruhusiwa duka mjini, Mwafrika akabaki na rizavu na kibarua. Hata hivyo wako waliovuka mpaka. Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanya kazi, alikamatwa mwaka 1950 baada ya kudai uhuru wa Afrika ya Mashariki hadharani. Kesi yake ilisikilizwa papa hapa Nyeri, naye akazuiliwa hadi mwaka 1961. Twaona vijana wetu hawalijui jina hilo, na ni hasara.

Baada ya uhuru, sheria za uhamiaji na za leseni za biashara za mwaka 1967 ziliwafanya Waasia wengi wasiokuwa raia wahame, na maduka mengi yakapata wenyewe wapya. Waliobaki walitambuliwa na Serikali mwezi wa Julai 2017 kuwa kabila la 44 la Kenya. Chapati ilikuwa imekwisha kupata uraia zamani.

Lakini jambo lililotugusa zaidi ni lingine. Huko Makindu, kando ya njia ya Mombasa, liko hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambapo msafiri yeyote hupewa chakula bila kuulizwa dini wala fedha. Desturi hiyo ilianzishwa Punjab na Guru Nanak, yapata miaka 500 iliyopita: tajiri na maskini huketi mstari mmoja wakala chakula kimoja. Shughuli ya Nyeri ilikuwa ya tikiti. Fedha zilipatikana, nasi twawashukuru waliotualika. Ila wajane wetu watatu, ambao msaada ule uliwahusu hasa, hawakuweza kulipa kiingilio.

Kwa hiyo Halmashauri yapendekeza kwamba shughuli kama hiyo ikifanywa Endarasha, sanduku la mchango liwekwe mlangoni: awezaye atie, asiyeweza aingie ale. Wako wanachama wanaohofu kwamba sanduku litarudi tupu. Jambo hili litaletwa mbele ya Mkutano Mkuu, na wazee waombwa waje wakiwa wamekwisha kushauriana na akina mama watakaopika.