Kanzitamati: Hesabu Inayoanzia Mwisho

Kete za sataranji zikishapukutika ubaoni, mtu hudhani kazi imekuwa nyepesi. Walter Browne, bingwa wa Marekani, alionja uzito wake mwishoni mwa miaka ya 1970. Alipewa mfalme na malkia. Kompyuta ya mtaalamu wa programu Ken Thompson ikashika mfalme na ngome. Vitabu vyote vilisema malkia hushinda. Browne akakwama, hatua 50 ambazo kanuni huruhusu kabla ya sare zikamwishia. Akaenda kujinoa, akarudi, na safari hiyo akafaulu kwenye hatua ya 50 hasa.

Kompyuta ile haikuwa na haja ya kufikiri. Ilikuwa ikisoma majibu yaliyokwisha kuandaliwa, na hifadhi hiyo ya majibu ndiyo tunayoitafutia jina.

Huandaliwa hivi. Programu huorodhesha kila mkao unaowezekana wa kete chache zilizobaki. Huanza na mikao ambayo mfalme amekwisha kunaswa, kisha hurudi kinyumenyume: ni mikao ipi ingeweza kuzaa huu kwa hatua moja? Hiyo hutiwa alama ya ushindi. Mkao ambao kila hatua ya mtetezi inamwangusha kwenye alama hizo hutiwa alama ya kushindwa. Programu huendelea kurudi hadi isipate la kuongeza. Mikao iliyobaki bila alama ni sare.

Kiingereza kiliunganisha neno la jedwali na lile la hifadhi ya data. Anayetafsiri kwa pupa ataandika “meza ya mwisho”, msomaji adhani ni karamu ya kuagana. “Jedwali la tamati” ni afadhali, ila jedwali tumelizoea kwenye ukurasa mmoja wa kitabu. Mkusanyiko wa Syzygy wa kete saba, wafalme wawili wakiwamo, ulipokamilika mwaka 2018 ulifikia takriban terabaiti 17.

Napendekeza “kanzitamati”. Tayari tunayo kanzidata, iliyotokana na kanzi, yaani hazina. Tamati nayo inafaa mara mbili: ni sehemu ya mwisho ya mchezo, na ndiko hesabu yenyewe inakoanzia.

Jina hili litutenganishie pia kanzitamati na injini ya sataranji. Injini hupima na kukadiria, kama wanavyofanya mabingwa. Tangu 1851 wachambuzi waliamini kwamba farasi mmoja, akijipanga vizuri, anaweza kuwazuia maaskofu wawili. Katika miaka ya 1980 kanzitamati ya Thompson ilionyesha kuwa maaskofu hushinda, ingawa pengine kwa hatua 66.

Kwa hiyo mwandishi wa sataranji achunge kitenzi chake. Injini “inaona” mkao ni sare, na kesho inaweza kubadili kauli. Kanzitamati “inaonyesha” ni sare, na mjadala umefungwa.