Dhahabu ya Kakamega na Daftari la Nyanya



Mwaka huu kamati iliniomba niandike historia fupi ya vijiji vyetu vya dhahabu, badala ya taarifa ndefu ya mweka hazina. (Taarifa yenyewe mtaipata ukurasa wa mwisho, pamoja na majina ya wenye madeni.) Nilikubali kwa shingo upande, maana kazi yangu hapa Nairobi ni kuhesabu, si kusimulia. Lakini nilipoanza kuwauliza wazee wa Ikolomani na Lurambi, niliona kwamba historia yetu ni ya hesabu tangu mwanzo: nani alipata nini, nani aliandikwa kwenye karatasi, na nani hakuandikwa.

Wakati huo walowezi wa Kenya walikuwa taabani. Bei ya mahindi na kahawa ilikuwa imeanguka ulimwenguni kuanzia 1929, na nzige wakala kilichobaki shambani. Mwaka 1931 mkulima mmoja Mmarekani, L. A. Johnson, aliyekuwa akiishi upande wa Turbo, akapata dhahabu kando ya mto Yala. Mwaka huohuo Uingereza ikaacha kuifungamanisha pauni na dhahabu, na bei ya dhahabu ikapanda. Mtu aliyekuwa anadaiwa na benki huko Trans Nzoia au Uasin Gishu hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Walikuja kwa mamia, na mahema, sururu na makarai, wakapiga vigingi kwenye mashamba ya watu. Kakamega, iliyokuwa kituo kidogo cha serikali, ikawa mji wa hoteli na maduka. Wazee wengi husema hata jina Ikolomani ni maneno ya Kiingereza ya "mgodi wa dhahabu" yaliyopita kwenye ulimi wa nyumbani yakatoka hivyo. Mimi nalipenda hivyo lilivyo.

Sasa sikilizeni jambo la karatasi. Ardhi yetu ilikuwa ndani ya rizavu ya Kavirondo ya Kaskazini, kama walivyoiita. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga sheria ya kulinda rizavu za Waafrika, ikisema ardhi hiyo ni yao milele. Sheria iliweka masharti mawili: kipande kikitwaliwa, wenyewe wapewe ardhi nyingine ya thamani ileile, na baraza la wenyeji liulizwe kwanza. Ilikuwa ahadi nzuri. Mnamo Desemba 1932, dhahabu ikiwa imeonekana, serikali ikairekebisha sheria hiyo kwa haraka na kuyaondoa masharti yote mawili pale ardhi inapotakiwa kwa madini. Fidia ikawa ya fedha. "Milele" ilidumu miaka miwili.

Kelele zilifika hadi London. Hata Lugard, ambaye hakuna mtu mweusi anayeweza kumwita rafiki, aliona jambo hilo ni aibu kwa serikali yake. Lakini wa kwanza kupiga kelele walikuwa watu wetu. Tume ya Carter ilipozunguka nchini 1932 na 1933 kusikiliza mambo ya ardhi, wazee wa Kavirondo ya Kaskazini walisimama mbele yake wakasema, na ushahidi uliotolewa mbele ya tume hiyo ulichapishwa. Miaka hiyohiyo kikaanzishwa chama cha North Kavirondo Central Association, na hofu ya kupoteza ardhi kwa ajili ya dhahabu ndiyo iliyokipa nguvu. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba siasa za ardhi Kenya zilianzia kwingine. Zilikuwa hata kwetu, kwenye migomba iliyokatwa kupisha mitaro.

Babu yangu alikuwa kijana wakati huo. Aliingia mgodini kama wengi wa rika lake, kwa sababu ushuru wa nyumba ulitakiwa kwa fedha taslimu, na mgodi ulikuwa mlangoni. Wengine walipaswa kwenda kwenye mashamba ya chai Kericho au ya mkonge Thika. Yeye alilala kwake. Kazi ilihesabiwa kwa tikiti ya siku thelathini. Siku thelathini za kazi, si za kalenda, kwa hiyo mwezi wa mgodi ungeweza kuchukua wiki sita. Nimekaa na hesabu za mishahara kwa miaka ishirini na bado naishangaa akili ya aliyebuni mwezi wa namna hiyo. Nyanya alipika uji na mushenye akawapelekea wachimbaji kwenye lango, na kwa maelezo yake mwenyewe, kuna miezi alipata zaidi ya mumewe. Hakumwambia.

Mgodi mkubwa kuliko yote ulikuwa Rosterman, nje kidogo ya mji wa Kakamega. Ulifanya kazi kuanzia katikati ya miaka ya 1930 hadi 1952, na ulitoa zaidi ya wakia 200,000 za dhahabu. Niliifanyia hesabu jioni moja. Hiyo ni zaidi ya tani 6, ingawa kwa ukubwa, dhahabu yote hiyo ingeingia kwenye jokofu moja la hoteli. Kwa bei ya dola 35 kwa wakia, ambayo Marekani iliiweka 1934 na kuishikilia hadi 1971, ni zaidi ya dola milioni 7 za wakati ule. Bei hiyo isiyopanda, wakati gharama za kuchimba zilipanda kila mwaka baada ya vita, iliua migodi mingi duniani. Rosterman ulifungwa 1952. Mashine zikaenda, na jina likabaki kuwa jina la mtaa.

Nilipowauliza wazee watatu kwa nyakati tofauti migodi ilituachia nini, wote walianza na mashimo. Mashimo ya wazi yaliyojaa maji wakati wa masika, yaliyomeza ng'ombe, na mara nyingine watoto. Wa pili akaongeza kikohozi. Babu alikuwa nacho mpaka alipokufa, na nyumbani tulizoea kujua yuko wapi kwa sauti yake. Hakuna aliyempima, wala hakukuwa na malipo ya mwisho wa kazi. Aliondoka na sururu moja na taa ya karabai.

Hapo ndipo linapoingia daftari.

Nyanya alipofariki, ndugu zangu waligawana vyombo na mimi nikaomba kopo lake la kakao. Ndani mlikuwa na risiti za karo za baba, cheti cha ubatizo, na daftari la kurasa 48 lililoandikwa kwa penseli. Ni hesabu za chama chao cha wanawake, miaka ya mwisho ya 1960 hadi ya kwanza ya 1970. Wanachama ni kumi na saba. Siku hizi tungekiita merigo: kila Alhamisi kila mmoja analeta senti hamsini, na zote zinamwendea mmoja kwa zamu. Asiyekuwa na senti hamsini aliandikiwa alichokuja nacho: mayai sita, kuku nusu (nadhani walikuwa wanadaiana nusu nyingine), debe la viazi vitamu, siku moja ya palizi katika shamba la mwenzake. Mwandishi, ambaye si nyanya kwa sababu nyanya hakujua kuandika, aliipa kila kitu thamani ya senti, na thamani hiyo haibadiliki kwa rafiki wala kwa adui. Nimelikagua daftari zima kama ninavyokagua vitabu vya kampuni. Kasoro ni moja: shilingi mbili zisizoonekana. Pembeni pameandikwa neno moja, "msiba".

Fedha zile zilinunua mabati. Kwa mpangilio ule kila mmoja wa wale kumi na saba alipata paa la bati, na ya mwisho kuezekwa ilikuwa nyumba ya mjane aliyekuwa akichangia mayai. Baada ya hapo daftari linageuka kuwa la karo. Nataka mlione jambo hili kwa macho ya mhasibu: miaka kumi na tano hivi baada ya dola milioni 7 kuondoka, wake na wajane wa wachimbaji waliezeka kijiji kwa senti hamsini.

Na hawakuwa peke yao. Ni wakati huohuo watu wa Magharibi walipochanga kuanzisha chuo cha WECO mjini Kakamega, 1972. Wapo kati yenu ambao wazazi wao waliuza kuku kwa ajili ya mchango ule. Chuo kile leo ndicho Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Mtu akiniambia kwamba vijiji vya mgodi ni vijiji vya watu waliozoea kungoja wageni, mimi humwelekeza pale.

Siwezi kusema maisha yalikuwa mazuri. Mashamba yamegawanywa kutoka kwa babu kwenda kwa wana, kwenda kwa wajukuu, hadi wengine wanalima pahali ambapo ukinyoosha miguu umefika kwa jirani. Dhahabu haikwisha, kilichokwisha ni faida ya mzungu. Kwa hiyo watu walirudi kwenye mashimo. Ukipita Rosterman, Bushiangala au upande wa Sigalagala leo utawakuta akina mama wameketi juani wakiponda mawe kwa nyundo, kisha wanasafisha mchanga kwenye karai na kukusanya chembe kwa zebaki, kwa mikono mitupu. Dhahabu inauzwa kwa pointi, yaani sehemu moja ya kumi ya gramu, kwa dalali ambaye ndiye mwenye mizani. Wanalipia sare za shule kwa kazi hiyo. Wanajua zebaki ni sumu. Tusiwahubirie, tuwanunulie vifaa. Hata hivyo Jumamosi mkutano wa fahali ukiitwa Malinya, mama yuleyule atakuwa pale na kitenge safi, na isikuti ikipigwa hatakumbuka mgongo. Ngoma ile UNESCO iliiandika mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Kwetu bado inalia mazishini na harusini, mradi wapigaji wapewe chakula.

Nimefika kwenye sababu ya kuandika haya yote. Mnajua kwamba mashine za kutoboa ardhi zimerudi. Kampuni za kisasa zimepima mwamba wa Isulu na Bushiangala na kukuta dhahabu ya kutosha mgodi mkubwa. Nyumbani watu wamegawanyika, na katika familia yangu pia: kaka yangu anataka fidia ahamie Lugari, shangazi anasema watamtoa akiwa ndani ya jeneza. Chama chetu hakina msimamo juu ya hilo na sitakitafutia. Wa kuamua ni wenye ardhi.

Lakini ni nani mwenye ardhi? Sheria ya Madini ya 2016 si ya 1932. Inasema ushuru wa madini ugawanywe: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, na 10 jamii ya mahali pa mgodi. Inataka pia mwenye ardhi ya binafsi atoe idhini, na alipwe fidia. Mwenye ardhi, kwa macho ya sheria, ni yule ambaye jina lake liko kwenye hati. Na hati zetu nyingi zina majina ya watu waliokwisha kufa. Shamba tulilozaliwa sisi lina jina la babu, aliyefariki 1987. Wanaolilima ni watu wa nyumba sita. Hakuna hata mmoja wao anayeweza kutia sahihi ya kukubali, na, lililo muhimu zaidi, hakuna anayeweza kutia sahihi ya kukataa. Pengo kama hilo hujazwa na mtu mwenye haraka. Nimeshaona, katika familia ninayoifahamu, binamu mmoja wa mjini akifika mahakamani peke yake na kudai yeye ndiye mrithi pekee. Mabinti wa nyumba ile hawakutajwa kabisa, ingawa sheria ya urithi inawatambua sawa na wavulana.

Ndiyo maana mwaka huu fedha za harambee zimegawanywa sehemu mbili. Ya kwanza ni bweni la wasichana tulilolianza mwaka juzi, ambalo limebakiza paa (mabati, kama kawaida yetu). Ya pili ni mfuko wa kulipia gharama za urithi kwa familia zisizojiweza: ada za mahakama, upekuzi katika ofisi ya ardhi, na mpimaji. Wapo walionung'unika kwenye kamati kwamba huu si mradi wa maendeleo kwa kuwa hauwezi kupigwa picha. Nilishinda kwa kura mbili.

Siku ya harambee kutakuwa na meza chini ya mwembe, upande wa kushoto wa jukwaa. Wakili wawili wa kwetu wamejitolea siku nzima bila malipo. Njooni na nakala ya hati au nambari ya shamba, cheti cha kifo cha aliyeandikwa, na barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, wanawake na wanaume, walioko nyumbani na walioko Nairobi, Mombasa au ng'ambo. Kama barua ya chifu imeacha jina la dada yenu, rudini kwake kabla ya siku hiyo. Mimi nitakuwa kwenye meza ya pili, nikiandika michango. Risiti hutolewa papo hapo, na mayai yanapokelewa.