Oksijeni na macho ya mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati: mambo ambayo paka na panya walifundisha waganga

Mtoto anayezaliwa mbele ya wakati, iwe ku Musienene, Butembo ao Beni, mara nyingi anahitaji oksijeni ili apumue. Oksijeni inaokoa maisha. Lakini ikipita kipimo, inaweza kuharibu macho. Ugonjwa huo unaitwa retinopati ya watoto waliozaliwa mbele ya wakati.

Juu ya nini wao? Nyuma ya jicho kuna retina, ngozi nyembamba inayopokea mwangaza. Mishipa yake ya damu inaanza kuota karibu na juma la 16 la mimba, na inamaliza karibu na siku za kuzaliwa. Mtoto wa juma 28 anazaliwa mishipa ikiwa bado katikati ya njia.

Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza mwaka wa 1942, Boston, Marekani. Mwaka wa 1951 Kate Campbell, muganga wa Melbourne, Australia, alishuku oksijeni. Huko London, Norman Ashton alitafuta uhakika kwa watoto wa paka. Sote tunajua paka anazaliwa macho yamefungwa. Hata retina yake haijakomaa. Katika oksijeni nyingi, mishipa yao ilifunga. Waliporudishwa ku hewa ya kawaida, mishipa mipya iliota ovyo. Paka wakubwa hawakupata shida hiyo.

Tangu 1994 watafiti wengi wanafuata njia ya Lois Smith wa Boston. Panya wa siku 7 wanakaa siku 5 katika hewa yenye oksijeni 75%, kisha wanarudi ku hewa yetu yenye 21%. Panya hao walisaidia kuonyesha kwamba retina iliyokosa damu inatoa kitu kinachoitwa VEGF, kinachootesha mishipa mibaya. Leo kuna sindano ya kukizuia, pamoja na matibabu ya laser.

Lakini panya si mtu. Mishipa yake inajirekebisha yenyewe. Retina ya mtoto inaweza kubanduka, akawa kipofu.

Basi wazazi, musikatae oksijeni: mtoto akiikosa anaweza kufa. Muulize kama inapimwa kwa kifaa kidogo kinachofungwa ku mguu. Shirika la afya duniani, OMS, linashauri kipimo cha 88 mpaka 95%. Na muganga wa macho amuangalie mtoto juma 4 mpaka 6 kisha kuzaliwa, hata kama macho yanaonekana mazuri. Kwa inje, ugonjwa hauonekani mapema.