Petroli ya Miwa: Habari za Muhoroni

Ndugu mkulima wa Mkolani, baadhi yenu mmeuliza: hivi ni kweli gari linaweza kwenda kwa pombe ya miwa au ya mihogo? Ni kweli, na jambo hilo limekwisha kufanyika hapo ng'ambo ya ziwa letu, nchini Kenya.

Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Wazee mnazikumbuka foleni za petroli. Brazili ilianza mpango wake wa spiriti ya miwa mwaka 1975, na Kenya nayo ikaitazama molasi, yaani ule uji mweusi unaobaki baada ya sukari kutolewa. Kisumu kikaanza kujengwa kiwanda kikubwa. Gharama zikazidi, na mwaka 1982 ujenzi ukasimama. Muhoroni walifika mbele zaidi. Kampuni ya Agro-Chemical and Food, iliyoundwa mwaka 1978, ilitoa spiriti, na tangu mwaka 1983 ikachanganywa na petroli ya Nairobi, sehemu moja katika kila kumi.

Kazi yenyewe unaifahamu (sisemi kwamba unapika gongo!). Molasi hutiwa maji na chachu, ikishaumuka hupikwa, na mvuke wake hupozwa. Tani moja hutoa lita kama 250. Lakini petroli na maji havipatani. Kupika kwa kawaida huishia kwenye asilimia kama 95. Maji yanayosalia huondolewa kwa mtambo mwingine, la sivyo mafuta hujitenga ndani ya tangi na gari huzimika.

Petroli ya siku hizo ilitiwa risasi, ambayo ni sumu, ili injini isigonge. Spiriti huifanya kazi hiyo bila risasi. Tena kipimo kikiingizwa kwenye bomba la moshi la gari la kabureta linalotumia mchanganyiko huo, kwa kawaida huonyesha kaboni monoksaidi kidogo zaidi. Moshi mweusi wa malori yanayopita hapa kwenda Buhongwa ni wa dizeli, hayo mambo mengine.

Mbona basi mpango uliisha mwaka 1993? Mafuta ya nje yalishuka bei mwaka 1986, na spiriti ikawa ghali. Isitoshe, lita ya spiriti ina nguvu kama theluthi mbili tu ya lita ya petroli. Kiwanda hakikufa, kiliuza kwa watengeneza vinywaji.

Na mkulima wa miwa je? Hapa ndipo panapouma. Yeye alilipwa kwa uzito wa miwa. Molasi ilikuwa mali ya kiwanda cha sukari. Basi akija mtu na mkataba wa mihogo ya mafuta, muulize kabla hujang'oa mahindi: bei inapangwa na nani, na mafuta ya nje yakishuka utalipwa kiasi gani? Muulize pia habari ya wanga, maana mihogo si miwa: wanga wake lazima ugeuzwe sukari kwanza, na kazi hiyo ina gharama yake.