Albamu bora za dunia, na kanda zetu je?

Haya ndugu zanguni, leo tuweke siasa pembeni kidogo tuongee muziki. Natanguliza kusema kwamba mimi si mjuzi. Sijui kusoma noti, gitaa sijawahi kulishika zaidi ya kupigia picha. Mimi ni msikilizaji tu, yule wa "ongeza sauti" na "hebu rudisha huo wimbo".

Mwaka 2003 jarida la Rolling Stone la Marekani lilitoa orodha ya albamu 500 bora za wakati wote. Namba moja ikawa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya The Beatles, ya mwaka 1967. Mwaka 2020 wakapiga kura upya. Safari hii namba moja ikaenda kwa What's Going On ya Marvin Gaye, ya mwaka 1971, na ile ya The Beatles ikaporomoka hadi namba 24. Muziki ni ule ule, haukubadilika hata sauti moja. Waliobadilika ni wapiga kura. Hapo ndipo nikajiuliza: sisi orodha yetu iko wapi, na nani anapiga kura?

Basi nilipokuwa Miono nikajipa kazi. Kwa wasioijua, Miono ni kule unakoacha barabara kuu ya Chalinze-Segera pale Mandera, ukashika njia ya kuelekea Saadani. Zamani ilihesabiwa wilaya ya Bagamoyo, siku hizi iko Halmashauri ya Chalinze. Jioni kule ni ndefu. Nikachukua albamu za kwetu zilizosifiwa na wajuzi, nikasikiliza moja baada ya nyingine, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka wimbo.

Nilianza na taarabu ya Tanga. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilikusanya nyimbo za Black Star na Lucky Star katika albamu iitwayo Nyota. Nilitegemea vinanda vingi na fidla kama vya Unguja. Kumbe Tanga walipunguza watu, wakaweka gitaa la umeme na besi, mambo yakawa mepesi na yanachezeka. Halafu anaingia Bi Shakila. Jamani, ile sauti haikugombezi wala haikubembelezi, inakuambia tu ukweli wako. Alama zote nampa.

Nikaenda kwa Dokta Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy na baadaye akatamba na Matimila. Songs for the Poor Man ilitoka mwaka 1989 kwa Real World, kampuni ya Peter Gabriel. "Kipenda Roho" na "Muziki Asili Yake Wapi" zimo humo. Ile ya pili jina lake tu ni somo zima la historia. Mambo, ya mwaka 1992, imesafishwa zaidi, na humo Remmy anaimba mpaka Kiingereza. Nisemeje? Remmy wa Kiswahili ni mzee wa mtaa anayekukamata shati ukaishia kumsikiliza. Remmy wa Kiingereza ni mgeni mwenye adabu zake. Wajuzi wanisamehe, mimi nabaki na ile ya kwanza.

Sasa tufike nyumbani kabisa, Bagamoyo. Mzee Hukwe Zawose alikuwa Mgogo wa Dodoma. Mwalimu Nyerere alivutiwa na kipaji chake, akaitwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na baadaye akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa. Aliishi pale hadi alipofariki mwishoni mwa Desemba 2003. Chibite, aliyoimba na mpwa wake Charles, ilitoka Real World mwaka 1996. Humo hakuna pambo: marimba, zeze, njuga, na sauti inayoshuka hadi shimoni kisha ikapanda mahali usipotarajia. Mwaka 2002 ikaja Assembly, aliyofanya na Michael Brook, mitambo na magitaa yakaongezwa. Wengi waliisifu. Mimi mara ya kwanza niliona mzee amevalishwa koti la mtu. Mara ya tatu nikaanza kuelewa kwamba koti lile alilivaa mwenyewe na linamkaa, ila Chibite bado naipenda zaidi.

Nikiwa naipiga hiyo Chibite barazani, mjomba wangu akasimama na kuuliza, "Huyu si yule mzee wa marimba wa Bagamoyo?" Nikamwambia ndiye, na hii ni albamu yake, ilitoka Uingereza. Akakaa chini akasikiliza kimya mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sisi tulimwona bure kwenye tamasha la chuo, anacheza mpaka vumbi linapanda. Sasa mbona kanda yake sikuwahi kuiona dukani?"

Sikuwa na jibu la haraka, na swali hilo ndilo lililonifanya niandike.

Jibu lenyewe ni historia. Katika miaka ya 1960 na 1970 bendi zetu hazikutengeneza albamu. Zilikwenda Radio Tanzania Dar es Salaam, zikarekodi nyimbo, redio ikazirusha nchi nzima. Aliyetaka santuri alitegemea Nairobi, maana sisi kiwanda cha kuzichapa hatukuwa nacho. Santuri zenyewe zilikuwa ndogo, wimbo mmoja umekatwa pande mbili: upande wa kwanza maneno, upande wa pili chemko, magitaa yanaachiwa. Hata Mbaraka Mwinshehe, aliyepiga Morogoro Jazz hadi maonesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, alijulikana kwa wimbo mmoja mmoja. Alifariki kwa ajali kule Mombasa Januari 1979, na albamu za Ukumbusho zikafuata baada ya kifo chake. Kabla ya hapo, mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshavunjika na mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983. Njia ya santuri ikawa imezibwa.

Kisha zikaja kanda, na wizi ukaja nazo. Mtu mmoja mwenye redio ya kanda mbili alikuwa kiwanda tosha. Sheria ya hakimiliki tuliyonayo ilipitishwa mwaka 1999, wakati mwizi ameshajenga. Kwa hiyo msanii aliyepata bahati ya kwenda Ulaya ndiye aliyepata albamu inayohesabika, na albamu hiyo iliuzwa huko huko.

Albamu kama albamu, inayonunuliwa na mtoto wa Magomeni kwa hela yake, imeshamiri kwetu na vijana wa bongo fleva. Mr II alitoa Ni Mimi mwaka 1995. Mwaka 2001 Profesa Jay akatoa Machozi Jasho na Damu, na ndani yake "Ndiyo Mzee", kichekesho cha mwanasiasa anayeahidi kila kitu na umati unaitikia. Nimeisikiliza tena Miono na bado inachoma. Utamu wa historia ni kwamba Mr II akaja kuwa mbunge mwaka 2010, na Profesa Jay naye mwaka 2015. Ndiyo mzee!

Mwisho nikajaribu singeli: Sounds of Sisso, iliyotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, kazi ya vijana wa studio ya Sisso, Mburahati. Mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Nilifika wimbo wa nne nikapumzika kama niliyekimbia. Mjomba alicheka, akasema vijana wameongeza mwendo tu, ngoma za harusini hapa Uzaramo na Ukwere nazo zilikuwa hazina breki. Sikubishana naye.

Sasa tazameni. Katika albamu zote nilizozitaja, ngapi zimetolewa na kampuni ya Kitanzania? Zile za bongo fleva tu, na kanda zake ndizo zinazopotea mapema kuliko zote. Nyota ipo kwa sababu Mwingereza aliiweka. Chibite ipo kwa sababu Mwingereza aliiweka. Siwalaumu, nawashukuru. Lakini anayehifadhi ndiye anayechagua, na anayechagua ndiye anayeandika orodha. Marimba ya Zawose yamo. Ngoma za wazee wa Miono, Mandera na Kiwangwa nani amezichagua?

Ukoo wa Zawose haujakaa kimya. Msafiri alitoa Uhamiaji mwaka 2017, na Pendo na Leah, The Zawose Queens, wakatoa Maisha mwaka 2024, tena kupitia Real World. Wanawake sasa wako mbele, na nimefurahi. Ila Maisha nayo imepitia Uingereza ndipo ikanifikia mimi niliyekaa jirani na Bagamoyo.

Ombi langu ni dogo. Kanda za RTD ziko mikononi mwa TBC, zitunzwe, zisikike. Na wewe mwenye kasha la kanda chini ya uvungu wa kitanda, usilitupe. Andika jina la wimbo, mwaka, na aliyepiga, kisha umtafute kijana mwenye kompyuta azihamishe. Mjomba wangu ameshatoa zake, kanda saba, mbili zimeliwa na ukungu. Hizo tano ndizo orodha yangu ya kuanzia.