Kuziba tundu la EGR

Kuziba tundu la EGR ni kazi ya ufundi wa magari inayohusu kufunga njia iliyotengenezwa kwenye manifoldi ya kuingiza hewa ili kurudisha sehemu ya gesi za moshi ndani ya injini. Kazi hii hufanyika hasa pale manifoldi yenye tundu hilo inapofungwa kwenye injini ambayo tangu mwanzo haikuwa na vali ya EGR. Wapo pia wanaoziba tundu ambalo bado linatumika. Hilo ni jambo tofauti: linaweza kudhuru injini, huongeza uchafuzi wa hewa, na katika baadhi ya nchi ni kosa la kisheria.

Asili ya tundu

Karibu asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni. Katika joto la kawaida nitrojeni haiungani kwa urahisi na oksijeni. Ndani ya silinda, ambako joto la mwako linaweza kupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, gesi hizo mbili huungana na kufanya oksidi za nitrojeni (NOx). Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu mchafu wa jiji la Los Angeles ulitokana na oksidi hizo pamoja na mvuke wa mafuta, vikipigwa na mwanga wa jua.

Njia mojawapo ya kupunguza NOx ni kushusha joto la mwako. Mfumo wa EGR huchukua sehemu ndogo ya gesi kutoka ekzosi na kuirudisha kwenye manifoldi ya kuingiza hewa. Gesi hiyo imekwisha kuungua, hivyo haiongezi nguvu, lakini hunyonya joto. Vali husimamia kiasi kinachopita. Katika injini za petroli kwa kawaida vali hufungwa wakati injini inanguruma gari likiwa limesimama, na pia dereva anapokanyaga mafuta hadi mwisho.

Nchini Marekani mfumo huu ulienea kuanzia magari ya modeli ya mwaka 1973, yalipowekewa kikomo cha NOx cha kitaifa. Ndiyo maana manifoldi nyingi za miaka iliyofuata zina kiti cha vali ya EGR. Mtu anayefunga manifoldi kama hiyo kwenye injini ya V8 ya miaka ya 1960 hubaki na tundu lisilo na kazi.

Kwa nini lisiachwe wazi

Injini ya petroli inaponguruma bila kuvuta mzigo, kanieneo ndani ya manifoldi huwa chini sana kuliko ya nje. Tundu lolote lililo wazi hufyonza hewa. Hewa hiyo haikupita kwenye kabureta wala kwenye sensa ya kupima hewa, kwa hiyo haikuwekewa mafuta yake. Petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta ili iungue sawasawa. Hewa ikizidi, injini hutetemeka, huzimika au hupandisha mizunguko yenyewe, na mwako wenye mafuta haba unaweza kuunguza vali na pistoni.

Hatari ya pili ni vumbi. Hewa inayoingia kupitia tundu haikupita kwenye chujio. Kwenye barabara za vumbi mchanga laini hukwangua silinda na ringi za pistoni, na injini huanza kula oili mapema.

Namna ya kuziba

Kiti cha vali ya EGR kwa kawaida huwa na matundu mawili: moja huleta gesi za moto kutoka ekzosi na jingine huzipeleka ndani ya manifoldi. Yote mawili hufunikwa kwa bamba moja la chuma au aluminiamu lililokatwa kwa umbo la kiti. Hatua za kawaida ni hizi:

* Injini huachwa ipoe kabisa.
* Uso wa kiti husafishwa masizi na mabaki ya gasketi ya zamani. Matundu huzibwa kwa kitambaa kwanza ili uchafu usidondoke ndani, kisha kitambaa huondolewa.
* Bamba hukaguliwa kwa rula. Bamba lililopinda halizibi hata likikazwa kwa nguvu.
* Gasketi ya kustahimili joto huwekwa kati ya bamba na kiti. Silikoni ya kawaida na kifuniko cha mpira havifai mahali hapa, kwa sababu joto la gesi za ekzosi huviharibu.
* Bolti hukazwa kwa zamu, kidogo kidogo. Manifoldi ya aluminiamu huharibika hesi kwa urahisi ikikazwa kupita kiasi.

Tundu lenye hesi huzibwa kwa plagi ya chuma yenye hesi inayolingana nalo. Vifuniko vya mpira hutumika tu kwenye vijibomba vyembamba vya ombwe visivyopitisha gesi za moto, na hubadilishwa vinapoanza kupasuka.

Kutambua uvujaji

Baada ya kuziba, fundi husikiliza mlio wa kufyonza na kuangalia kama injini inanguruma kwa utulivu. Njia salama ya uchunguzi ni kusukuma moshi maalumu ndani ya manifoldi, injini ikiwa imezimwa, na kuangalia unapotokea. Mafundi wengine hupuliza dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka kiungo. Mizunguko ikibadilika, pana uvujaji. Dawa hiyo hushika moto, hivyo haifai kupulizwa karibu na ekzosi yenye joto.

Tundu lisilopaswa kuzibwa

Manifoldi huwa na matundu kadhaa yanayofanana kwa mtu asiyeyajua. Mojawapo ni la PCV, ambalo hufyonza mvuke wa oili na gesi zinazopenya kwenye ringi hadi chini ya injini. Likizibwa, kanieneo hupanda ndani ya injini, sili za oili husukumwa nje na oili huharibika haraka. Jingine ni la bomba linalosaidia breki. Likizibwa, pedali ya breki huwa ngumu na gari huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama. Kwa sababu hiyo kila tundu hufuatiliwa hadi lijulikane kazi yake kabla ya kuzibwa.

Kuziba tundu linalotumika

Baadhi ya mafundi, wakiwemo wa Afrika Mashariki, huziba EGR ya injini za dizeli kwa sababu masizi huchanganyika na mvuke wa oili na kuziba njia za hewa. Tatizo hilo ni la kweli, lakini masizi yanaweza kuondolewa kwa kusafisha vali na manifoldi. Kuziba huongeza NOx, gesi zinazoudhi mapafu na kuwadhuru zaidi wagonjwa wa pumu. Katika injini za petroli zilizopangiwa kufanya kazi na EGR, kuziba kunaweza kusababisha mwako wa kugonga, kwa kuwa wakati wa cheche ulipangwa kwa joto la chini. Magari yenye kompyuta hugundua kasoro hiyo na kuwasha taa ya cheki injini, mara nyingi kwa kodi P0401.

Sheria

Sheria ya Hewa Safi ya Marekani inakataza kuondoa au kulemaza kifaa cha kudhibiti moshi kilichowekwa na mtengenezaji. Katika jimbo la California magari ya petroli ya modeli ya 1975 na ya nyuma yake yamesamehewa ukaguzi wa moshi wa mara kwa mara, lakini msamaha huo si ruhusa ya kuondoa vifaa. Tofauti ya msingi ni moja: kuziba tundu ambalo gari halikuwahi kulitumia ni matengenezo, bali kuziba linalotumika ni kulemaza mfumo.

Tazama pia

* Injini ya mwako wa ndani
* Kabureta
* Uchafuzi wa hewa